Kimara hadi Azania Front na nakala ya "Haleluya"

Ukipandia basi la mwendokasi pale Kimara mwisho, siti ya dirishani haikosekani, na ndipo kazi ya kuongoza kwaya inapoanzia. Walimu wengi wa kwaya jijini siku za kazi wako ofisini au darasani; nakala za muziki husomwa njiani. Jumamosi moja nilikuwa naelekea kanisa la Azania Front: sauti nne, kinanda, tarumbeta mbili, na "Haleluya" ya Handel.

Hadi Ubungo alama za pumzi zilikuwa tayari, kwa penseli, kwa sababu wino unakufunga na mazoezini nyingi hubadilika. Patata ni pale soprano wanaposhika noti ndefu zinazopanda ngazi, sauti nyingine zikijibu "haleluya" chini yao. Wote wakivuta pumzi pamoja, noti inakatika. Wapangwe wawili wawili, mmoja apumue mwenzake akishikilia, tena katikati ya noti, si mwanzoni mwa neno.

Manzese nikageukia tarumbeta. Mwaka 1741 Handel aliziandikia tarumbeta za D zisizo na vali, yaani vitufe vya kubadilisha noti. Za leo aghalabu ni za B-flati, na husikika toni nzima chini ya noti iliyoandikwa. Kwaya ikiimba katika ufunguo wa D, mpigaji aandikiwe ufunguo wa E, wenye shapu nne. Ukimpa nakala ya kinanda asome ilivyo, atatoka na C, na wanakwaya wanaosoma d r m (do, re, mi) wataanza kutazamana.

Jangwani tulipita vizuri. Mvua kubwa zikija, mto Msimbazi hufunga njia, hivyo anayetoka upande huu awe na msaidizi wa kuanzisha mazoezi.

Nilishuka Kivukoni, nikarudi kwa miguu hadi kanisani. Tarumbeta niliziweka pembeni, midomo yake mipana ya kutolea sauti ikielekea ukutani. Zikikaa nyuma ya soprano, hao hawajisikii tena.

Kuongoza kwenyewe ni mkono wa kulia kwenda chini, kushoto, kulia, juu. Kinachoharibu ni pigo la maandalizi, lile la kabla ya sauti. Lazima libebe kasi ile ile ya wimbo. Mkono ukipanda polepole kisha ukashuka haraka, kinanda kinaanza peke yake. Vyombo vina vipimo vitatu (kila kimoja mapigo manne) peke yake, kwaya inaingia cha nne. Watazame tangu cha tatu, mkono wa kushoto ukiwa umeshainuka.

Karibu na mwisho kuna kimya kabla ya "haleluya" ya mwisho, na kila kwaya ina mwimbaji mmoja wa sauti ya tenor wa kukirukia. Mara nyingi kosa ni la mwongozaji: hutikisa kijiti akihesabu. Mkono ugande juu, hesabu ibaki kichwani, ndipo utoe pigo jipya la taratibu.

Kanisa tupu lina mwangwi mrefu, kwa hiyo mazoezini tulipunguza kasi kidogo maneno yasimezane. Jumapili watu wakijaa mwangwi hupungua, tutaongeza.