Bwana Posho wa Unyanyembe

Mwaka jana taasisi moja, ambayo sitaitaja, iliniomba niwe miongoni mwa wahakiki wa mkusanyiko wa kidijitali wa nyaraka za misafara ya karne ya 19, ile iliyokuwa ikipita hapa Tabora, katika eneo la Unyanyembe, kuelekea Ujiji. Nilidhani ningemaliza kwa siku mbili, kwa kuwa picha zilikuwa safi, unukuzi ulikwisha kufanywa na faharasa ilikuwa imepangwa. Ilinichukua wiki 3.

Aliyenikwamisha ni mtu mmoja katika faharasa ya majina ya watu, aitwaye Posho. Alitajwa katika kurasa nyingi, na kila msafara ulipopiga kambi alipewa nguo. Nilipofungua picha ya ukurasa mmojawapo na kuikuza, nikaona mstari unaosomeka "posho doti 2", yaani nguo za kununulia chakula cha wapagazi, doti moja ikiwa shuka mbili. Mzee jirani yangu nilipomsimulia alicheka hadi akaweka kikombe cha kahawa chini, akaniuliza, "Mwanangu, huyo Posho alioa kwa nani?" Merikani nayo, ile nguo ya pamba, ilikuwa imeingizwa katika orodha ya nchi, hapo sikuwalaumu sana, maana jina la nguo hiyo kweli lilitokana na Marekani, ilikotoka.

Anayehakiki mswada wa kitabu husoma hoja na ushahidi wake. Mkusanyiko wa kidijitali una mambo mengine yanayodai kuhakikiwa: ubora wa picha, usahihi wa unukuzi, maelezo ya kila waraka, haki za kuutumia, na jinsi mashine ya kutafuta inavyojibu. Nchini Marekani, mtandao wa wasomi uitwao NINES, ulioanzishwa mwaka 2003 na Jerome McGann wa Chuo Kikuu cha Virginia, uliweka utaratibu wa kupitisha kazi za kidijitali kuhusu karne ya 19 mbele ya wataalamu wa fani na wa teknolojia pia. Mimi ningeongeza mtu wa tatu, yule anayejua posho ni nini.

Tarehe nazo zilinisumbua. Stanley aliandika kitabuni mwake kwamba alimkuta Livingstone Ujiji tarehe 10 Novemba 1871, ilhali katika shajara ya Livingstone, ambaye alikuwa amepoteza hesabu ya siku, tukio hilo linaangukia mwishoni mwa Oktoba. Programu ya mkusanyiko ilikuwa na kisanduku kimoja tu cha tarehe, na mwandaaji alijaza ile ya Stanley bila kusema neno. Nilipendekeza zote mbili zionekane, kila moja na chanzo chake, kwa sababu msomaji akionyeshwa moja pekee hatajua kwamba kuna mgogoro.

Nilijaribu pia kufungua picha zile kwa simu, kwa bando la kawaida, nikiwa Kwihara palipo na tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Ukurasa mmoja ulinimalizia subira kabla haujafunguka. Hilo nililiandika katika ripoti, ingawa fomu ya uhakiki haikuliuliza.

Waandaaji walipokea marekebisho mengi kwa moyo mweupe. Posho ameondolewa katika majina ya watu na kuwekwa panapomstahili, lakini toleo la kwanza halikufutwa, kwani wapo waliokwisha kulinukuu. Limebaki na tarehe yake, na Bwana Posho yumo bado, anapokea doti zake.