Leza, Popo na Daftari la Babu: Siku Zangu Kilwa Kisiwani

Niliposimamisha skana ya leza kwa mara ya kwanza ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, walionisumbua hawakuwa watalii bali popo. Kila walipokatiza chini ya kuba waliacha nukta zinazoelea hewani, nami jioni nilikaa kwenye kompyuta nikizifuta kama anayechambua mchele.

Utendaji wa mashine yenyewe ni rahisi kueleza. Hutuma mwanga, husubiri urudi, kisha hukokotoa umbali: mwanga hufika kwenye ukuta ulio mita 15 na kurudi kwa takribani sehemu 1 ya milioni 10 ya sekunde. Kichwa chake kinapozunguka, vipimo hurundikana kwa mamilioni hadi vikafanya tunachokiita wingu la nukta, ambamo mtu anaweza kupima unene wa nguzo au mwinamo wa ukuta bila kurudi kisiwani. Msikiti huu unaihitaji kazi hiyo kuliko majengo mengi, maana ni vigumu kupata mstari ulionyooka wa kushikia futikamba. Sehemu ya kaskazini ni ya karne ya 11, ukumbi mpana wa kusini uliongezwa katika karne ya 14 na kujengwa upya baadaye, na vyote ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, chini ya makuba ambayo baadhi yake yameanguka.

Tatizo ni kwamba leza haioni nyuma ya nguzo, na humo ndani nguzo ni msitu. Tulihamisha mashine kituo baada ya kituo, huku mipira myeupe ya alama ikibaki palepale bila kusogezwa, ili vipimo vya vituo vyote viweze kuunganishwa.

Mzee anayetunza magofu, ambaye sote tulimwita Babu, alikuja kutazama picha kwenye skrini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanyamaza kwa muda, kisha akauliza: "Mjukuu wangu, chombo hiki kinajua kipi ni cha wazee na kipi tulichoziba sisi?"

Hakikujua. Kwenye wingu la nukta kiraka cha juzi na jiwe la miaka 700 vyote vilikuwa uso mmoja. Babu akanishika mkono, akanizungusha: hapa chokaa tuliichoma wenyewe, pale waliokuja kabla yetu walitia saruji, na saruji ni ngumu kuliko tumbawe, inafungia unyevu ndani hadi jiwe la pembeni linamomonyoka. Tangu siku hiyo kila kituo kilikuwa na ukurasa wake daftarini, wenye maneno ya Babu mbele ya namba zangu. Nadhani kurasa hizo zina thamani kuliko faili langu zito.

Si sisi tuliotangulia kupima huko. Mradi wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ulioongozwa na Profesa Heinz Rüther na kupewa jina letu wenyewe, Zamani, ulirekodi magofu ya Kilwa na ya Songo Mnara, kisiwa jirani. Vipimo vya namna hiyo huzidi kufaa kila vinaporudiwa, kwani ukiweka uso wa leo juu ya uso wa zamani unaona ukuta umepungua wapi. Magofu hayo yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981 yalikuwa kwenye orodha ya hatari tangu 2004 hadi 2014, na bahari inayokula ufuko ilikuwa miongoni mwa sababu.

Kwa hiyo Gereza, ngome iliyo ufukoni, tuliipima upande wa baharini maji yakiwa yamekupwa. Babu ndiye aliyetupangia saa kwa kuhesabu mwezi. Siku ya bamvua tulichelewa. Kituo cha mwisho tulikimaliza maji yakiwa vifundoni, na mipira miwili ikachukuliwa na mawimbi. Mmoja uliletwa kesho yake na mtoto aliyekuwa ameshaufanya mpira wa kuchezea.