Hysteria ya 2017 kwenye spika za harusi

Kazi yangu ni mitambo ya sauti. Nafunga spika kwenye harusi, sendofu, vikao vya wizara, na ikifika Agosti kwenye mabanda ya Nane Nane pale Nzuguni. Watu wakinikuta nimeinama nyuma ya miksa huniuliza, "Dada, fundi yuko wapi?" Nawaambia anakuja, kisha naendelea kuunga waya. Leo sina habari za bei ya sabufa, mnisamehe mnaoingia hapa kwa ajili hiyo. Leo ni Def Leppard.

Kila fundi ana muziki wake wa kupimia ukumbi. Wakongwe wa fani hii hapa mjini hupimia bolingo, vijana hupimia singeli, na yupo mmoja wa Chang'ombe anayepimia kwaya tu, hataki kingine. Mimi napimia Hysteria, albamu ya vijana wa Sheffield, Uingereza, iliyotoka tarehe 3 Agosti 1987. Ndiyo, wale wa nywele zilizopuliziwa dawa na suruali za kubana, roki ambayo dunia iliipachika jina la glamu metali. Wenyewe jina hilo hawalipendi kabisa. Sawa, lakini tazameni picha zao za miaka ile halafu mniambie.

Mwezi uliopita wifi yangu anayeishi Uingereza alikuja likizo, akaniletea CD ya toleo lililosafishwa upya, lile la mwaka 2017 la kuadhimisha miaka 30. Lipo pia boksi kubwa la CD 5 na DVD 2, lakini huyo ni wifi, si benki. Nikaichukua hiyo CD moja, nikaiweka kando ya ile yangu ya zamani, nikasubiri siku ya ukumbi mtupu.

Kabla ya ukumbi, habari ya kanda. Hysteria niliijua kwa kanda ya kunakili, ya kaka yangu, aliyorekodiwa kwenye kibanda kimoja cha kuuza nyimbo jirani na soko la Majengo. Albamu nzima ina dakika 62 na kidogo. Kanda ilikuwa ya dakika 60, yaani 30 kila upande. Sasa pigeni hesabu: upande wa kwanza una nyimbo sita zinazofika dakika kama 32, kwa hiyo wimbo wa sita, Armageddon It, ulikatwa ukiwa bado unaendelea. Nyumbani tuliuimba hivyohivyo. Tukifika pale kanda ilipokomea tulinyamaza wote kwa pamoja, kaka anageuza upande, tunaendelea na Gods of War kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilipokuja kununua CD nikiwa tayari najitegemea, wimbo ule ulipovuka pale nilipouzoea, nilisimama katikati ya chumba nimeshika ufagio. Kumbe una mwisho!

Urefu huo haukuwa wa bahati mbaya. Mtayarishaji wa albamu ni Robert John Lange, maarufu kama Mutt, mtu aliyezaliwa mwaka 1948 Mufulira, mji wa migodi ya shaba katika Zambia ya leo. Ndiye aliyekuwa nyuma ya Back in Black ya AC/DC mwaka 1980, na miaka kumi na saba baadaye akaitengeneza Come On Over ya Shania Twain, ambayo sidhani kama kuna nyumba ya mpenda kantri hapa Dodoma isiyoijua. Kwa Def Leppard alitaka jambo moja: albamu ya roki itakayokuwa na nguvu ya Thriller ya Michael Jackson, kila wimbo uwe na uwezo wa kutolewa peke yake. Kati ya nyimbo 12, saba zilitolewa hivyo. Love Bites ikashika namba moja Marekani Oktoba 1988, na albamu ikauza zaidi ya nakala milioni 20 duniani.

Lakini njia yao ilikuwa ya miiba. Walianza kazi na mtayarishaji mwingine, haikuenda. Kisha tarehe 31 Desemba 1984 mpiga ngoma, Rick Allen, alipata ajali ya gari karibu na Sheffield, akapoteza mkono wa kushoto. Wenzake hawakutafuta mpiga ngoma mwingine. Alitengenezewa ngoma za umeme zenye pedali za ziada, ili mguu wa kushoto ufanye kazi ya mkono uliokatwa, na Agosti 1986 akapanda jukwaani kwenye tamasha la Donington, Uingereza, mbele ya umati. Mimi nikiwa fundi, habari hii huwa siisomi upande wa huruma tu. Nafikiria waya. Nafikiria yule aliyekaa chini akapanga pedali ipi ipige ngoma ipi, halafu akazifunga zisiteleze.

Na studio nako kulikuwa na mambo. Ngoma za albamu hii nyingi ni sauti zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya muziki iitwayo Fairlight, zikapangwa moja moja, na ngoma zenyewe zikakamilishwa mwishoni, wakati bendi nyingi huanza nazo. Magitaa hayakupita kwenye maspika makubwa ya kutisha kama tulivyodhani tukitazama mabango. Yalipita kwenye Rockman, kifaa unachoweza kukishika kwa mkono mmoja. Kuna sehemu Lange aliwapigisha kodi moja, yaani noti kadhaa za gitaa zinazolia pamoja, kwa vipande, uzi mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine, halafu akaziunganisha ili kila uzi usikike safi. Sauti za vitikio zikarekodiwa juu ya sauti, tena juu ya sauti, na yeye mwenyewe akiimba humo.

Ndiyo maana nikasubiri kwa hamu kuona wasafishaji wamefanya nini. Watu wengi wakiona tangazo la toleo lililosafishwa upya hudhani nyimbo zimechanganywa tena kuanzia mwanzo. Hapana. Kazi hiyo huanzia kwenye mkanda wa mwisho, ule wenye njia mbili tu, kushoto na kulia, ambamo kila kitu kimeshaungana. Ni sawa na kupiga pasi gauni lililokwisha shonwa: mikunjo itatoka, rangi itang'aa, lakini mfuko huwezi kuuhamisha. Unaweza kuongeza besi, kupunguza ukali wa juu, kuminya zile kelele kubwa ili kiwango chote kipande. Joe Elliott, mwimbaji wao, humsogezi mbele ukaliacha gitaa nyuma.

Siku ya ukumbi ilikuwa Jumamosi asubuhi, maeneo ya Kisasa. Ukumbi mpya, sakafu ya tailizi, upande mmoja vioo vitupu, dari ya jipsamu. Ukumbi wa namna hii ukiwa mtupu ukipiga kofi moja linakurudia na wenzake. Mlinzi, mzee wa Kigogo mwenye koti la jeshi la mtumba, alikuja kusimama mlangoni.

"Mbukwa mama."

"Mbukwa babu."

"Leo harusi ya Wazungu?"

"Hapana babu, bwana harusi wa Kibakwe."

Akatikisa kichwa, akavuta kiti akakaa kabisa.

Nilianza na Rocket. Sababu ninayo. Mdundo wa wimbo huu ulitokana na santuri ya zamani yenye ngoma za Burundi ambayo Joe Elliott aliisikia, Burundi Black, na mpaka leo naona ajabu kidogo kwamba ngoma za majirani zetu zilipita Ulaya, zikapita kwenye kompyuta ya Lange, ndipo zikanifikia mimi Dodoma ndani ya kanda ya kunakili. Katikati ya wimbo kuna sehemu uimbaji wa kawaida unakatika, ngoma zinabaki na vipande vya sauti vinavyoruka kutoka spika ya kushoto kwenda ya kulia. Hapo ndipo najua kama spika zangu zinaelewana.

Kwenye toleo jipya, sehemu hiyo imenishika. Chini kumejaa. Ngoma zina mwili, unazisikia kifuani kabla hujazisikia masikioni. Bibi yangu alikuwa mpiga muheme, zile ngoma za wanawake wa Kigogo zinazoshikwa katikati ya magoti, na ninachokumbuka zaidi si mlio bali ardhi kutetemeka chini ya ndala zangu. CD ya 1987 haikuwahi kunipa hilo. Ni safi lakini imekonda huku chini, nikiitumia lazima niongeze besi kwenye miksa. Kwa Rocket, basi, pongezi kwao waliosafisha. Women na Pour Some Sugar on Me nazo zimenenepa vizuri.

Tatizo likaanza nilipotazama taa za miksa. CD ya zamani inawasha kijani, inagusa njano pale ngoma inapopiga, inarudi. Hii mpya inakaa juu muda wote, inagonga nyekundu karibu kila pigo, na mimi sijagusa kitu. Kijana wangu wa spika, aliyekuwa juu ya ngazi anafunga taa, akapaza sauti: "Mama, hiyo ya pili ndiyo yenyewe!" Bila shaka. Ukimpigia mtu muziki uleule mara mbili, mmoja ukiwa juu kidogo, atachagua wa juu kila siku, nawe ungechagua huohuo. Wauza spika wote wanaijua mbinu hiyo, nami nimeshaitumia, Mungu ananiona.

Nikaishusha mpya mpaka zikalingana masikioni, nikapiga wimbo wa Hysteria wenyewe. Huu ndio moyo wa albamu. Magitaa mawili, la Steve Clark na la Phil Collen, yanapishana polepole, hakuna anayemkimbiza mwenzake. Clark alifariki Januari 1991 akiwa na miaka 30, na kila nikiusikiliza wimbo huu huwa namtafuta yeye kwanza. Kwenye CD ya zamani kuna hatua tatu: magitaa yako karibu, sauti ya Elliott iko hapo katikati, ngoma imesimama nyuma, na inapopiga inatoka huko nyuma ikufikie. Kwenye mpya wote wamepangwa mstari mmoja mbele. Kitikio kinapoingia, pale ambapo lile rundo la sauti za Lange linatakiwa lifunguke, halifunguki, kwa sababu beti tayari ilikuwa kubwa vilevile. Love Bites imeumia hivyohivyo. Ule ukimya mdogo kabla ya kitikio umejazwa.

Kijana akashuka kwenye ngazi. Nikampigia tena zote mbili, sikumwambia ipi ni ipi. Akasikiliza, akakuna kichwa, akasema ya kwanza "ina hewa". Ya kwanza ilikuwa ya 1987.

Gods of War sikuupiga. Mwishoni una milipuko na sauti za Reagan na Thatcher, na siku moja mpambaji aliwahi kuniangushia chombo kizima cha maua kwa mshtuko. Tangu hapo tumekubaliana.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kwenye gari nasikiliza mpya. Ukiwa barabara ya Singida, vioo vimeshushwa kwa joto la Oktoba, upepo na malori, muziki wenye hatua tatu huzisikii hatua zenyewe. Unataka kitu kisichozama. Ukumbini na kwenye hedifoni narudi kwenye CD ya zamani na kuongeza besi mwenyewe, kidogo. Na wanaosikiliza kwenye simu, angalieni jina la albamu limeandikwa mwaka gani: Def Leppard walikuwa na mgogoro na kampuni yao ya rekodi, nyimbo zao za zamani hazikuingia rasmi kwenye huduma hizi za mtandaoni mpaka Januari 2018, na katikati hapo bendi ilirekodi upya baadhi ya nyimbo zake. Unaweza kudhani unasikiliza kazi ya 1987, kumbe ni kitu kingine.

Kuna toleo moja ambalo sijalisikia na ndilo ninalolitamani: santuri mbili za 2017. Santuri ya kwanza ya 1987 ilikuwa moja tu, na dakika 62 kwenye santuri moja ni kubanana. Mistari inachorwa karibukaribu, sauti inabidi ishushwe, besi inabidi ipunguzwe, la sivyo sindano inaruka. Kugawa nyimbo kwenye santuri mbili kunaipa mistari nafasi, na hapo hata ngoma za Rocket zinaweza kuchorwa kwa upana wake. Hilo ni rekebisho la kweli, si kelele.

Pleya ninayo, ilikuwa ya baba, mota inazunguka vizuri. Sindano ndiyo imekwisha. Kama kuna mtu hapa Dodoma mjini anauza sindano za pleya za zamani, aniandikie hapo chini, ila asinitajie bei ya Kariakoo na nauli ya treni juu yake.