Macho Yanacheka: Sauti ya Bi Shakila Iliyonifuata Mpaka Kiel

Bi Shakila Said alipofariki dunia jijini Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2016, habari zilinifikia hapa Kiel, mji wa bandari ulioko kaskazini mwa Ujerumani, kwa njia ambayo habari za misiba hutufikia siku hizi sisi tulio mbali: simu ilitetemeka mezani, ikatulia, ikatetemeka tena, na nilipoishika nilikuta ndugu na marafiki wa Tanga waliotawanyika duniani wamekwisha kutumiana wimbo mmoja. Hawakuandika mengi. Wimbo ulikuwa Macho Yanacheka, na mtu yeyote wa pwani aliyekulia karibu na redio anajua kwamba baada ya macho hayo hutajwa moyo, na moyo wenyewe haucheki. Tangu wakati huo wimbo umenikaa, na kila ninapousikiliza unanirudisha kwenye jambo moja la kifamilia ambalo watu wazima wa nyumba yetu walilijua vyema, na ambalo mimi nililishuhudia kwa macho yangu bila kulielewa.

Bi Shakila alizaliwa Pangani, kusini ya Tanga, na sauti yake ilikomaa katika vikundi vya Tanga mjini wakati mji huo ulipokuwa umejaa muziki kuliko ukubwa wake. Upande wa dansi walikuwapo Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Upande wa taarab walikuwapo Black Star na Lucky Star. Taarab ya Unguja ilikuwa ya okestra nzima, yenye fidla, udi, kanuni na nai, ikisikilizwa na watu waliotulia vitini kwa adabu. Watanga waliipunguza ikawa ya kikundi kidogo chenye gitaa la umeme, gitaa la besi, kinanda na tumba, wakaitia mwendo wa kumwinua mtu alipokaa, na mtindo huo ukavuka mpaka ukaingia Mombasa. Mimi si mwanamuziki, lakini nadhani nyimbo zile zilikuwa na nguvu kwa sababu ndani yake vitu viwili havikupatana: besi inakwambia ucheze, sauti ya Bi Shakila inakwambia ukae chini. Sauti hiyo ni nyembamba, haina haraka, haipigi kelele hata inapopanda, na mwisho wa mstari huiachia ikaning'inia kama mtu aliyekatiza maneno yake baada ya kuona mgeni mlangoni.

Nyumba yetu ilikuwa Ngamiani, mtaa wa Tanga mjini, katika mojawapo ya zile barabara zinazojulikana kwa namba, nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma. Redio ilikuwa ya bibi. Ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na haikuwashwa ovyo, kwa sababu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hata sabuni na sukari zilikuwa za kupangia foleni, sembuse betri. Betri zilipoanza kuishiwa nguvu tulizitoa tukazianika juani juu ya ukuta wa ua, na mimi ndiye niliyewekwa kuzilinda dhidi ya watoto wa jirani. Kwa hiyo Redio Tanzania Dar es Salaam ilisikika kwetu kwa kipimo: taarifa ya habari, matangazo ya vifo, na taarab. Bibi alikuwa radhi kuikosa hotuba, si taarab. Ukiniuliza leo Macho Yanacheka unanukia nini, nitakujibu kwamba unanukia mafuta ya taa, na kitunguu kinachokaangwa ua wa pili, na ile harufu ya chuma ya betri iliyokwisha kupata moto wa jua.

Kazi yangu hapa ni kuhudumia watu katika nyumba ya wazee, na kazi hiyo imenionyesha kwamba jambo hili si la Watanga peke yao. Wengi wa ninaowahudumia wamepotewa na kumbukumbu kwa maradhi. Wapo wasiomtambua hata mtoto wa kumzaa. Lakini ukiwapigia Lili Marleen, ile santuri ya Lale Andersen ya mwaka 1939, iliyopata umaarufu baada ya kituo cha redio cha jeshi la Ujerumani mjini Belgrade kuanza kuipiga usiku mwaka 1941, mpaka askari wa Uingereza waliokuwa wakipigana na Wajerumani huko Afrika Kaskazini nao wakawa wanaisubiri, wataimba bila kukosea. Wimbo wenyewe unahusu askari na msichana wake chini ya taa, mbele ya lango la kambi. Mama mmoja mzee, alipokwisha kuuimba wote, hakuniuliza habari za askari wala za vita. Aliniuliza kama makaa yameshaletwa. Nilimjibu kwamba yameletwa, akaridhika, ingawa nyumba ile hupata joto kwa mabomba na hapana mtu anayeleta makaa.

Kwa muda mrefu nilidhani hivyo ndivyo nyimbo za zamani zinavyofanya kazi: maneno yake huweza kuwa ya mapenzi au ya vita, lakini kinachobaki kwa msikilizaji ni jiko, betri, na makaa ya mama yake. Maelezo hayo yananitosha mpaka ninapofika kwa mama mdogo.

Mama mdogo aliolewa na mtu wa Tanga aliyepata kazi Kilindini, bandari ya Mombasa. Kwa watu wetu wa wakati ule Mombasa haikuwa ng'ambo. Mtu aliondoka asubuhi, akapita Horohoro na Lungalunga, na alasiri yuko kwa shemeji yake anakunywa kahawa. Wadigo wako pande zote mbili, na harusi nyingi zilikuwa na mguu mmoja huku na mmoja kule. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Walioweza walipita njia za panya, au kwa mashua usiku kutoka Moa na Jasini, wakarudi na sabuni na dawa ya meno za magendo, lakini mume wa mama mdogo hakuwa mtu wa mashua za usiku. Mwanzoni zilikuja barua zilizobebwa kwa mkono, na ndani ya barua noti zilizokunjwa. Baadaye barua bila noti. Mwisho zikawa salamu za mdomo, na salamu za mdomo kila mletaji huongeza chake.

Mama mdogo alirudi kukaa kwetu. Aliuza vitumbua barazani kila asubuhi, na alikuwa mtu wa kucheka. Alicheka na wateja, alicheka na bibi, alimcheka baba yangu kwa jinsi alivyojinyoosha juu ya baiskeli yake akienda kazini, na majirani walimsifu kwamba ana kifua. Mpaka ulipofunguliwa mume alirudi, na hakurudi peke yake. Alikuja na mke wa pili kutoka Mombasa na mtoto wa kike aliyekwisha kujua kutembea. Kwa sheria na kwa dini hapakuwa na la kumshitakia. Mama mdogo aliwapokea kwa chai ya maziwa na mkate wa kumimina, akampakata yule mtoto, akacheka. Ni bibi peke yake aliyezima redio siku hiyo, ingawa betri zilikuwa mpya.

Miezi michache baadaye palikuwa na harusi jirani na kwetu, turubai likafungwa kutoka nyumba hadi nyumba ya ng'ambo ya barabara, na kikundi cha taarab kikaja, chenye mwimbaji wa mtaani ambaye nyimbo za Bi Shakila alizijua zote. Mimi nilikuwa bado katika umri ambao mtoto wa kiume hafukuzwi kwenye mkeka wa wanawake. Nilikaa karibu na mama mdogo, mkoba wake mapajani mwangu.

Wasiokulia pwani hudhani kwamba kutunza katika taarab ni kumlipa mwimbaji. Malipo yamo, lakini siyo jambo lenyewe. Mwanamke hukaa kimya akisikiliza ubeti baada ya ubeti, mpaka ufike mstari ambao angependa kuusema yeye na hawezi kuusema, kwa kuwa adabu, au ukoo, au watoto wanamzuia. Hapo huinuka, huivuta kanga yake ikakaa sawa, huishika noti juu kwa ncha za vidole, na hutembea kwa madaha kuelekea kwa mwimbaji, akichagua kwa makusudi njia ndefu ili apite mbele ya yule anayehusika. Hamtazami. Noti ikishafika mkononi mwa mwimbaji mstari hurudiwa, na mhusika ameshaambiwa mbele ya mtaa mzima, bila neno hata moja ambalo anaweza kulipeleka kwa kadhi au kwa wazee.

Walipoanza Macho Yanacheka, mama mdogo alininyooshea mkono akauchukua mkoba. Alitoa noti ya shilingi 20, ile yenye picha ya Mwalimu, ambayo kwake ilikuwa ni jasho la vitumbua vingi. Aliinuka ulipofika mstari wa moyo. Hakwenda moja kwa moja. Alizunguka hadi pale turubai lilipoachwa wazi, ambapo wanaume walikuwa wamekaa nje kwenye mabenchi, mume wake akiwa miongoni mwao, kisha ndipo akaelekea kwa mwimbaji. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyealikwa karamu. Vigelegele vikapigwa, mstari ukarudiwa, na mimi nikaona fahari kwamba mama yangu mdogo ametunza mbele za watu.

Mwimbaji alikuwa hajamaliza kurudia alipoinuka yule mke wa Mombasa. Vigelegele vilikatika ghafla. Wanawake waliokaa karibu nami walifinyana mapaja, maana ilitarajiwa kwamba atajibu, na kwa desturi jibu hungoja wimbo mwingine wenye kijembe ndani yake. Yeye hakungoja. Alipita njia ileile, mbele ya mabenchi yaleyale, akautunza mstari uleule. Alikuwa msichana tu, katika mji usio wake, miongoni mwa watu waliokuwa wakimwita Mmombasa hata akiwa anasikia. Mume alisimama, akasema anakwenda kununua sigara, na hakuonekana tena hadi alfajiri.

Sehemu iliyobaki nilielezwa na mama yangu miaka mingi baadaye, nikiwa tayari huku, katika mazungumzo ya simu yaliyoanzia kwenye mambo mengine kabisa: kwamba yule msichana alipoolewa hakuambiwa kwamba Tanga kuna mke. Aliujua ukweli Horohoro, siku ya safari yenyewe, wakati mizigo imekwisha kupandishwa garini. Kwa hiyo usiku ule wa harusi hakuwa akimjibu mama mdogo. Alikuwa akisema lilelile, kwa mtu yuleyule.

Nawasikia watu wakiilaumu taarab ya zamani kwamba ni ya kujililia, na kwamba mipasho iliyokuja baadaye ina ujasiri zaidi kwa kuwa husema waziwazi. Sikubaliani nao. Wimbo wa kijembe huwa na mlengwa mmoja na mwenye kurusha mmoja, na ukisharushwa umekwisha. Wimbo huu, kwa kuwa haumtaji mtu, ulitosha kubebwa na wake wenza wawili usiku mmoja, dhidi ya mwanamume mmoja, bila yeyote kati yao kumvunjia mwenzake heshima. Bi Shakila hakuwahi kuijua nyumba yetu, na hakuwa na haja ya kuijua. Mimi mwenyewe nimekwisha kupeleka nyumbani picha zangu nikicheka katikati ya theluji, koti jipya mwilini na kodi ya nyumba haijalipwa, lakini hilo sitalirefusha. Kila aliye ughaibuni ana picha yake ya namna hiyo.

Baada ya harusi ile mambo ya nyumbani kwao hayakuwa mepesi, ila wale wanawake wawili hawakupigana tena vita vyovyote vya kusikika barabarani. Biashara ya vitumbua ikawa ya wawili, mmoja akikoroga unga na mwingine akichoma. Mume wao alikwisha kufariki, nao wanaishi Makorora katika nyumba moja, wakibishana kuanzia asubuhi mpaka usiku juu ya chumvi na juu ya nani ameacha mlango wazi. Hivi karibuni nilimtumia mama mdogo wimbo kwa simu, kwa kuwa nilikuwa sijawahi kuuzungumza naye. Jibu lilikuja kwa sauti. Hakusema lolote kuhusu harusi wala kuhusu marehemu mumewe. Alisema niliyompelekea imeharibiwa na mtu aliyeinasa, kinanda kimezidi, besi haisikiki, na kwamba zamani ilipigwa kwa mwendo zaidi. Nyuma yake nikamsikia mwenzake, kwa lafudhi ya Kimvita ambayo miaka yote ya Tanga haikuifuta, akisema kwamba mtoto huyu wa Ujerumani ameleta wimbo mtupu, na tangu lini wimbo ukatunzwa kwa salamu. Wakaangua kicheko wote wawili, na ujumbe ukakatikia hapo. Nikawatumia tunzo yao jioni ileile, kila mmoja kwa namba yake na kiasi sawasawa, kwa kuwa nilijua kwamba kabla ya kulala watakuwa wameshalinganisha.