Siku moja maishani mwangu: hela iliyopokelewa kabla haijatumwa

Saa 1:05 asubuhi

Supu ya sato haijapoa, simu ikaita. Dada wa kaunta namba 2. "Kaka, leo namba zimegoma kabisa. Hakuna hata mmoja aliyeingia."

Mimi ni fundi wa seva kwenye chama cha akiba na mikopo hapa Mwanza. Keshia wetu akitaka kuingia kwenye mfumo anaandika nywila, kisha namba sita anazozisoma kwenye simu yake, ambazo hubadilika kila sekunde 30. Simu na seva haziulizani kitu. Kila moja inazikokotoa kivyake, kwa siri ileile na kwa saa ileile. Seva yetu inasamehe hatua moja tu, yaani sekunde 30, ya mbele au ya nyuma.

Kilichoniharibia supu ni kwamba malalamiko haya nilikuwa nimeyasikia wiki nzima. Namba zinakataa, wananipigia, nawajibu "jaribu tena". Wakijaribu zinakubali, na mimi narudi kwenye mambo yangu.

Saa 2:10 asubuhi

Foleni ya wanachama imeshafika mlangoni. Saa ya ukutani pale kwa mlinzi inasema saa mbili na dakika kumi na nane, kwa sababu iko mbele dakika nane tangu nianze kazi hapa na kila mtu anaitoa hesabu kichwani. Makeshia wametoa madaftari, wanaandika kwa mkono.

Jambo la kwanza nikauliza huduma ya saa iko hai? Seva ikajibu kwa kijani: active (running). Nikaandika ntpq -p, amri inayoorodhesha vyanzo ambavyo seva inaviuliza saa. Vyanzo vyetu viwili vikatokea: kile kiboksi cha GPS kilichofungwa juu ya paa, tulichokinunua enzi fiba ilipokuwa ikikatika kila mvua ikinyesha, na ruta kuu. Kwenye safu ya reach vyote viwili vina 377. Hiyo ni namba ya mfumo wa nane, maana yake maulizo manane ya mwisho yote yamejibiwa. Basi njia iko wazi, fayawoli haina kosa.

Kijana wa mtandao akachungulia begani kwangu. "Braza, ona logi, inasema 05:14. Seva iko nyuma saa tatu!" Hapana, logi zetu zinaandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele yake kwa saa tatu. Wakati huo kompyuta yake inaonyesha 08:14 na mdomo wake mwenyewe unasema saa mbili na robo kasoro dakika moja. Mswahili anayefanya kazi hii anabeba saa za aina tatu kichwani, na zote ni sahihi.

Meneja akapita kuuliza kama tunaweza kuzima zile namba kwa leo tu, watu wahudumiwe. Nikamwomba nusu saa. Kufuli likizimwa "kwa leo tu" najua huwa linawashwa lini.

Saa 2:50 asubuhi

Mama wa dawati la mikopo akaingia na karatasi mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, hebu nisomee hapa. Hela hii imepokelewa kabla haijatumwa."

Ni rejesho la mkopo lililolipwa kwa simu siku ya Ijumaa. Ujumbe wa mlipaji unasema 10:41:32. Kumbukumbu yetu inasema tumepokea 10:40:41. Yeye alidhani ni wizi wa aina mpya, na alikuwa ameshazungushia kalamu nyekundu malipo mengine sita ya namna hiyo.

Nikaandika date kwenye seva na kuweka simu yangu kando ya skrini. Simu 8:53:20. Seva 8:52:13. Seva iko nyuma sekunde 67, na huduma ya saa bado inajisifu kwa kijani.

Hapo ndipo dada wa kaunta namba 2, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema kitu ambacho ningekiuliza mapema ningeokoa wiki nzima: "Ndiyo maana. Wiki iliyopita tuligundua ukisubiri namba ikaribie kubadilika ndipo uandike, inakubali. Ijumaa ilibidi uiwahi kwenye sekunde tano za mwisho."

Piga hesabu. Ijumaa seva ilikuwa nyuma kama sekunde 55. Namba ikiwa mpya kwenye simu, seva inaona iko hatua mbili mbele yake, inakataa. Namba ikizeeka, ikabakiza zile sekunde tano, seva nayo imeshavuka kwenye hatua inayofuata, tofauti inabaki hatua moja, inasamehe. Leo tumevuka sekunde 60, kwa hiyo hakuna tena namba ya kuwahi. Makeshia walikuwa wanaupima ugonjwa wa seva yangu kwa vidole, na hakuna aliyewasikiliza.

Saa 3:15 asubuhi

Nikairudia ntpq -p, safari hii bila haraka. Kulia kila kitu kizuri isipokuwa safu ya offset, yaani saa imepishana kiasi gani: 67214, na hizo ni milisekunde. Kushoto kabisa, mbele ya jina la chanzo, panatakiwa nyota. Nyota ndiyo inayosema "huyu ndiye ninayemfuata". Hakuna nyota. Nikaandika ntpq -c rv, ikaniambia stratum=16, yaani seva yenyewe inakiri haina saa ya kuaminika. Inawauliza wote wawili, wote wanajibu, na haimfuati yeyote.

Kilichobadilika ni nini? Siku 16 zilizopita, Jumamosi, nilipandisha mfumo endeshi wa seva kutoka Debian 11 kwenda Debian 12. Huko kifurushi cha zamani cha huduma ya saa, ntp, kimeachia nafasi ntpsec, na faili la usanidi limehama kutoka /etc/ntp.conf kwenda /etc/ntpsec/ntp.conf. Nikaona bora nianze na faili jipya, safi. Nikafuta mistari ya pool, yaani vyanzo vya saa vya mtandaoni, nikaweka vyanzo vyetu viwili, nikaenda kula.

Mstari huu sikuusoma:

tos minclock 4 minsane 3

Pale kwenye minsane 3 unasema hivi: usirekebishe saa mpaka upate angalau vyanzo vitatu vyenye akili timamu. Mimi nina viwili. Faili langu la zamani halikuwa na mstari huo, na bila huo kimoja kinatosha. Na wala si mstari wa kijinga. Ukiwa na mashahidi wawili na wakapishana, utajuaje nani mwongo? Ukiwa na watatu, wawili wanamuumbua mmoja. Basi seva ikakaa siku 16 ikisubiri shahidi wa tatu ambaye sikumwita, huku saa yake ikichelewa sekunde nne na kidogo kila siku.

Saa 3:40 asubuhi

Kurekebisha ni dakika mbili, kuamua ni robo saa. Ukiisogeza saa taratibu, ntpd, yaani hiyo huduma ya saa, haizidi sehemu 500 kwa milioni, kwa hiyo sekunde 67 zingechukua siku moja na nusu. Kuiruka mara moja kuna hatari kwenye hifadhidata, lakini sisi tunaruka kwenda mbele, hakuna dakika itakayojirudia. Tungekuwa tunarudi nyuma ningefunga kila kitu kwanza. Nikamwomba mhasibu mkuu asimamishe malipo ya simu kwa dakika tano, nikaweka minsane 1, minclock 2, nikaiwasha huduma upya.

Baada ya muda mfupi: nyota, kwenye mstari wa GPS. Offset 0.4. Niliikodolea reach ikipanda 1, 3, 7, 17, 37 kama mtu anayetazama maji yakirudi bombani.

"Jaribu tena," nikamwambia dada wa kaunta namba 2. Akanitazama. Akajaribu. Akaingia.

Saa 7:00 mchana

Wali, maharage, dagaa. Wamenicheka vya kutosha.

Saa 8:20 mchana

Kijana wa mtandao amefungua UDP 123, mlango wa maulizo ya saa, kwenda nje, tumeongeza vyanzo viwili vya africa.pool.ntp.org. Sasa viko vinne, nikarudisha minsane 3 mahali pake. Kisha nikairekebisha programu ya uangalizi, ambayo siku zote ilikuwa ikiuliza kama huduma iko hai. Sasa inauliza saa imepishana kiasi gani, na ikizidi milisekunde 100 inanipigia kelele.

Saa 10:30 jioni

Ripoti. Mama wa mikopo ataambatanisha orodha yake ya kalamu nyekundu ili mkaguzi asije akaota wizi. Kwenye sehemu ya "chanzo cha tatizo" nimeandika jina langu na kile kimstari.

Saa 11:10 jioni

Natoka. Saa ya mlangoni inasema kumi na moja na dakika kumi na nane. Nikamwambia mlinzi niko tayari kuirekebisha nayo, leo mkono umekunjuka.

"Iache hivyohivyo," akasema. "Wewe unadhani hawa watu wanawahi kwa hiari yao?"