Nilivyorudi Nairobi na cherehani ya volti 120

Umeme wa nyumbani Marekani ni volti 120 na hezi 60 (hezi ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde). Hapa kwetu ni volti 240 na hezi 50. Nilipoamua kurudi Nairobi baada ya miaka kadhaa Minnesota, jambo hilo lilinikaa kichwani kuliko hata tiketi ya ndege, maana mimi ni mshonaji na cherehani yangu niliinunua kule kule.

Wengi wanaohama huuliza kwanza kuhusu plagi. Plagi si shida. Adapta ya kawaida inabadilisha umbo la pini tu, umeme unaopita ndani yake ni ule ule. Cha kuangalia ni kibandiko kilicho chini au nyuma ya kifaa. Nilipindua kila kitu nyumbani nikimulika kwa tochi ya simu, na majibu yalikuwa ya aina mbili. Chaja za simu, ya laptopu na ya kamera ziliandikwa 100-240V, 50/60Hz. Hizo hazina ubishi, zitafanya kazi Minneapolis na zitafanya kazi Mombasa. Vingine viliandikwa 120V 60Hz basi, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

Vyote vya kupasha joto niliviacha: pasi, draya, birika, sufuria ya umeme ya wali. Volti zikiongezeka maradufu, nguvu hupanda mara nne, kwa hiyo draya ya wati 1,500 ikichomekwa Nairobi italazimishwa kutoa wati 6,000, na haitadumu hata kukausha upande mmoja wa kichwa. (Anayesafiri kwenda kule ana tatizo la kinyume. Birika la hapa la wati 2,200 likifika Marekani linabaki na wati 550 hivi. Halitaungua, ila chai utaingoja.) Maikrowevu pia niliiacha, na sababu yake ni hezi. Transfoma inapunguza volti lakini haigusi hezi, na maikrowevu nyingi za kawaida zina transfoma nzito ndani iliyotengenezwa kwa hezi 60. Ikipewa 50, inapata joto kupita kiasi.

Kuna kitu ambacho watu hukifunga kwenye sanduku bila kukifikiria: ekstensheni ya Marekani, hasa ile yenye kinga ya umeme kupanda ghafla. Mtu anawaza kwamba laptopu yake inakubali volti 240, kwa hiyo anaichomeka kwenye ekstensheni yake ya zamani na kuweka adapta mbele. Lakini kinga iliyo ndani ya ekstensheni imepimwa kwa volti 120. Ikiona 240 inadhani ni hitilafu, inajaribu kuuzuia umeme huo, inapata moto na inaweza kuwaka. Yangu niliigawa kwa jirani kabla sijaondoka.

Cherehani nilikuja nayo. Kibandiko chake kilisema 120V, ampea 0.9, yaani kama wati 108. Nguvu ndogo hivyo inabebwa na transfoma bila taabu, na mota ya cherehani ndogo za nyumbani kwa kawaida haijali sana hezi.

Transfoma niliitafuta Luthuli Avenue. Duka la kwanza kijana alinitolea kijisanduku chepesi kama pakiti ya biskuti. "Madam, hii inabeba mpaka wati 1,600." Nilikirudisha. Vile vyepesi vinaukatakata umeme tu, vimekusudiwa draya na pasi kwa dakika chache safarini, na mota au kifaa chenye vipande vya elektroniki kinaweza kuharibika. Transfoma ya kweli ina chuma na shaba ndani, ukiinyanyua mkono unajua. Duka lingine nilipata ya wati 500, nikaomba ipimwe kabla sijalipa. Fundi alileta mita yake, akasoma 238 kwenye soketi na 119 upande wa kutolea. Kisha nikamuuliza kama waya wa ethi, ule wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja, unapita mpaka upande wa pili. Alicheka, akasema wateja hawaulizi hilo, lakini akaifungua akanionyesha waya wa kijani na manjano ukiwa umefungwa vizuri. Nilichukua wati 500 kwa mashine ya 108 kwa sababu mota inapoanza huvuta zaidi, na sipendi kifaa kinachofanya kazi kikiwa kimefika mwisho wake. Siku ya kwanza nilishona mfululizo huku nikiigusa kila mara. Ilikuwa vuguvugu, na inanguruma kidogo.

Kwa chaja sikununua adapta kabisa. Ile ya laptopu ina waya unaochomoka, na madukani kuna waya wa hapa wenye pini tatu na fyuzi ndani ya plagi. Ya kamera vilevile, waya wenye ncha ya umbo la nane. Ni rahisi na unakaa imara kwenye soketi. Sitaki kuona nyumbani kwangu ile tabia ya kuchokonoa tundu la ethi kwa biro ili plagi ya pini mbili iingie. Soketi zetu zina vifuniko ndani vinavyofunguliwa na pini ya juu, navyo viliwekwa kwa sababu. Plagi iliyoingia kwa nguvu hukaa ikichezacheza, inapata moto, na haina fyuzi ya kukuokoa.

Hatari iliyobaki ilikuwa watu wa nyumbani. Mtu akikuta cherehani na adapta kwenye droo, atachomeka. Kwa hiyo hakuna adapta kwenye droo. Plagi ya cherehani nimeipaka rangi nyekundu ya kucha, na tundu lake kwenye transfoma pia, na mpwa wangu wa darasa la tatu anajua nyekundu inaingia kwa nyekundu peke yake. Stima ikipotea nachomoa transfoma ukutani na kuirudisha baada ya dakika kadhaa, maana stima ikirudi kwanza huwa haijatulia.

Sasa dada yangu aliye Dallas anataka kunitumia ovaloki, mashine ya kushonea kingo za nguo zisifumuke. Nimemwambia asiipeleke kwa msafirishaji kabla ya kunipigia picha ya kibandiko. Ikizidi wati 250, itabidi nimwombe aiuze huko huko, nami ninunue ya volti 240 hapa mjini.