Ukwaju wa mvua ya mawe

Juzi mdogo wangu alipiga simu ya video kutoka Toronto. Theluji imewahi, majani bado yako mitini, majirani zake wako nje na makoleo wanafukua magari. Neema akaninyang'anya simu, akatazama weee, kisha akauliza, "Mama, na kwenu Tabora huwa inaanguka?" Nikasema hapana. Halafu nikakumbuka ile ya Novemba, nikasema, basi, siku moja kidogo. Nilijichongea. Hakulala mpaka nimemaliza.

Tulikuwa tunakaa pembezoni mwa mji, upande wa Itetemia. Mvua za kwanza zilikuwa zinanusanusa tu, embe zimeanza kuiva, na joto lile mnalijua, la kulala sakafuni bila mkeka. Mchana wingu likaja, jeusi, chini lina ukijani. Mama akatazama mara moja tu: "Anueni nguo!" Hatukumaliza.

Bati letu halikuwa na dari. Nilimwona Mama akifungua mdomo, sauti siisikii. Mdogo wangu analia, naye simsikii, naona machozi tu. Mbuzi wa jirani aliingia sebuleni bila hodi akasimama katikati yetu. Mama akajifunika sufuria kubwa kichwani, akatoka mbio kuokoa vifaranga. Mawe yakawa yanaipiga ile sufuria, naye anakwenda kwa kuinama, mkono mmoja umeishika, mwingine unaokota vifaranga na kuvitia kifuani ndani ya kanga. Aliporudi alikuwa anacheka, damu inamtoka kwenye vidole.

Ikakoma ghafla. Uwanja wote mweupe, embe mbichi zimelala juu ya weupe. Niliokota punje moja kubwa kuliko gololi nikaipasua kwa meno: tabaka jeupe, tabaka angavu, jeupe tena. Miaka mingi baadaye ndipo mwalimu alipotueleza kwamba upepo ndani ya wingu huirusha punje juu, ikagande zaidi, mpaka inakuwa nzito na upepo unashindwa kuibeba.

Mama hakuwa na muda wa hayo. "Leteni ndoo! Za chini acheni, zina kinyesi cha kuku." Tukakusanya zilizonaswa kwenye shuka lililobaki kwenye kamba, na zilizojaa kwenye beseni. Akaifunika ndoo kwa gunia, pembeni akashindilia pumba za mpunga. Kila siku aliuza ukwaju wa mtungini chini ya mwembe, barabarani. Barafu yenyewe sisi tuliijua kwa wenye friji, huko mjini. Siku ile aliuza ukwaju wenye barafu, kikombe kilekile, bei mara mbili. Watu walikuja mpaka wa mtaa wa pili.

Baba Kulwa alikuja mwisho, ametoka shambani. Miche yake ya tumbaku ndiyo kwanza alikuwa ameihamisha kutoka kitaluni, na mbolea alikuwa amekopa chama cha msingi, deni la kukatwa siku ya mauzo. Mkononi alishika jani. Lilikuwa limebaki mishipa.

"Pole, baba," Mama akasema.

"Ndiyo hivyo. Nipe kikombe."

Akanywa, akaibakiza barafu mdomoni, akawa anaitafuna polepole huku anatazama upande wa shamba lake. Barafu ileile. Kisha akatoa pesa. Mama akaipokea, akahesabu chenji, akampa. Bei mara mbili, kama kila mtu.

Lilinikaa moyoni jambo hilo. Nilipokua nilimwuliza Mama kwa nini hakumpa bure. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Nimpe bure mbele ya watu wale wote, ili iweje? Na daftari zako ningenunua na nini?" Ni majibu mawili hayo, na mpaka leo sijui lipi lilitangulia moyoni mwake. Nami sasa nina genge langu, na kuna siku napokea pesa ya mtu ambaye najua kabisa hana.

Baba Kulwa mwenyewe alirudi kesho yake, akaagiza ya baridi. Akaambiwa barafu imeisha. Akanywa ya mtungini, akalipa bei ya kawaida, kisha akalalamika kwa sauti mpaka wapita njia wakageuka, kwamba jana tulimlangua.